UZI: Kuingia nyumba ya kasiksi Bukavu – cha kuuliza, cha kutazama, na namna ya kurudi nyumbani mzima

#1 MtuWaNyamugo

Kila likizo inapokaribia, wageni wanaokuja Bukavu, mashariki mwa Kongo, huuliza swali moja: nyumba gani ya mtaa wa Kadutu ina kasiksi nzuri, yaani pombe yetu ya ndizi? Swali hilo halina jibu. Mama yule yule anayetoa kasiksi ya kusifiwa Ijumaa anaweza kubaki na siki tupu Jumapili, maana kasiksi si bia ya chupa. Inaendelea kuchacha ndani ya bidoni (dumu la plastiki) mpaka tone la mwisho. Kwa hiyo majina ya nyumba hamtayapata hapa. Nitaanza na namna ya kuitambua na cha kuuliza, wengine waongeze na wasahihishe.

Nyumba ya kasiksi haina kibao. Ukisikia muziki mkubwa na kuona viti vya plastiki vyenye nembo ya bia, hiyo ni nganda (baa) ya kawaida, utapewa Primus au Turbo King. Ya kasiksi mara nyingi ni sebule ya mtu au banda la mabati nyuma ya nyumba: mabenchi mawili matatu yameegemea ukuta, bidoni za njano za lita 20 zimepangwa kwenye kona yenye giza, na wazee wanaozungumza kwa sauti ya chini. Vichochoro vya Nyamugo, Cimpunda na Nkafu vinazo nyingi. Bagira zipo, Panzi zipo. Muulize muuza makaa au fundi viatu wa njia hiyo, atakuonyesha kwa kidevu.

Nenda kuanzia saa tisa alasiri. Asubuhi mama yuko sokoni au anachuja, na anayekunywa asubuhi si mtu wa kumfuata. Usiende kundi la watu wanane, chumba chenyewe kinabeba kumi na wawili na wenyeji wake wana nafasi zao. Wawili au watatu inatosha.

Sasa jambo lenyewe. Ukishasalimia na kukaa, usiulize kama ipo. Uliza: "Mama, hii iko ya siku ngapi?" Hesabu inaanza pale mtama ulipotiwa kwenye maji ya ndizi:

Kabla ya mtama ni mutobe, maji matamu ya ndizi, hata mtoto anakunywa.
Saa 24: bado tamu, povu jingi, nguvu kidogo. Wageni huipenda na ndiyo inayojaza tumbo gesi.
Siku ya 2 hadi ya 3: hapo ndipo penyewe. Utamu umeshuka, ukali umepanda, ulimi unabanwa kidogo pembeni.
Siku ya 4: inategemea chombo. Bidoni iliyofunguliwa mara nyingi imeshaanza uchachu wa siki.
Baada ya hapo ni ya kupikia kanyanga, yaani gongo, si ya kunywa.

Hesabu hii ni ya Bukavu, mji ulio juu, kwenye mita 1,500 hivi, joto likizunguka nyuzi 20. Ukishuka Kamanyola au Uvira, punguza siku nzima.

#2 MgeniWaLikasi

Asante kwa uzi. Swali: nikimuuliza mama umri wa pombe yake, si ataona namdharau? Kwetu Katanga ukiuliza munkoyo (kinywaji chetu cha mahindi) ni ya lini unaonekana mjuaji.

#3 NyumbaYaJuu

Njo vile kwa pombe ya bei ya juu, lakini kwa kasiksi hapana. Kila mutu anauliza. Mama mwenyewe anafurahi, anajua uko mutu wa kujua. Mubaya ni kuuliza "iko muzuri?" Sasa ajibu nini, iko mubaya?

Kitu kimoja tu: akijibu "ya leo", uliza leo imefunguliwa ao leo imetiwa mtama. Ni vitu viwili.

#4 MtuWaNyamugo

Hilo la #3 ni la maana sana. "Ya leo" inadanganya watu kila siku bila mtu kusema uongo. Bidoni iliyofika leo kutoka mashamba ya Kabare inaweza kuwa imetiwa mtama juzi.

#5 Kyaka_Bukoba

Hii kasiksi ni rubisi yetu ya Bukoba au kuna tofauti? Sisi ndizi zinakanyagwa kwa miguu na nyasi kwenye mtumbwi wa mti, unatiwa mtama, unafunikwa majani ya mgomba.

#6 ShambaLaKabare

Ni ndugu wa tumbo moja. Urwagwa wa Rwanda na urwarwa wa Burundi nao ni hao hao. Mbege ya Wachaga ndiyo ya mbali kidogo, kwa sababu pale ndizi hupikwa na nafaka ni ulezi.

Niandike kazi yenyewe hatua kwa hatua, maana mnywaji asiyejua inavyotengenezwa hawezi kujua imeharibikia wapi.

Ndizi. Zinatumika ndizi za pombe, zile ambazo ukizikata mbichi zinatoa utomvu mwingi na ukizionja zinakausha mdomo. Ukakasi huo ndio unaobaki kwenye kasiksi na kuibana ladha. Ndizi za kupika zikitumika pombe inakuwa laini, haina mgongo. Yangambi Km5 imeingia sana siku hizi kwa sababu inazaa vizuri na ni tamu, ila ukiitumia peke yake kasiksi inatoka kama juisi iliyolewa. Wengi huichanganya.

Kuivisha. Shimo lenye kina cha kiuno, limetandikwa majani ya mgomba, chane zinapangwa, zinafunikwa majani tena na udongo juu. Wengine hupenyeza moshi kwa upande. Siku 4 hadi 6. Joto na hewa ya ndizi zenyewe iliyofungiwa humo ndiyo inayoziivisha zote kwa pamoja, na kuiva kwa pamoja ndiyo siri nzima. Ganda liwe njano bila madoa mengi meusi. Zikiwa hazijafika, maji hayatoki na ukakasi unazidi. Zikipitiliza, ukizikanda unapata uji mzito usiochujika. Ukiona kasiksi nzito kama uji wa mtoto, jua ndizi zililala shimoni siku moja au mbili zaidi.

Kukamua. Ndizi zilizomenywa zinakandwa pamoja na nyasi kavu ngumu. Nyasi hazitoi ladha, kazi yake ni kushika nyama ya ndizi ili maji yaachane nayo. Maji hayaongezwi mwanzoni. Ukiwahi kuyatia, nyama inalainika na kupita yote kwenye chujio. Kwanza yatoke maji mazito yenyewe, halafu ndipo machicha yanaoshwa kwa maji kidogo na kukamuliwa mara ya pili. Kwa jumla, maji yawe kama sehemu 1 kwa sehemu 3 za maji ya ndizi. Zaidi ya hapo unauza mto.

Kiasi. Mkungu wa kilo 12 hadi 15 ukimenywa unabaki na kilo 8 hivi za nyama, na hizo zinatoa kama lita 4. Kwa hiyo bidoni ya lita 20 iliyotengenezwa kwa haki imekula mikungu minne. Mkisikia bei ya chini kupita kiasi, pigeni hesabu ya mikungu minne pamoja na usafiri.

Mtama. Unakaangwa mpaka uwe kahawia, usiungue, unasagwa ovyoovyo. Kilo 1 na nusu kwa bidoni. Unaleta rangi, uchungu kidogo na chakula cha chachu. Kisha chombo kinafunikwa majani ya mgomba na kuwekwa mahali pa joto, karibu na jiko. Baada ya saa 12 hadi 18 ukiweka sikio unasikia inachemka bila moto.

#7 Kyaka_Bukoba

Sawa kabisa na kwetu, isipokuwa mikono badala ya miguu.

#8 ShambaLaKabare

Miguu ipo pia, kwa mtumbwi mkubwa wa harusi. Ya kuuza mjini ni mikono na beseni.

#9 KemiaMtaani

Naongeza kuhusu chombo, maana hapo ndipo nyumba za mjini zinapopotezea mali. Siki inatengenezwa na vijidudu vinavyohitaji hewa. Bidoni iliyojaa mpaka karibu na shingo ina gesi ya pombe yenyewe juu, inajilinda. Ikishauzwa nusu, nafasi iliyobaki inajaa hewa ya kawaida kila inapofunguliwa, na kuanzia hapo una saa chache. Mama mwenye akili anahamisha iliyobaki kwenye bidoni ya lita 5 au 10 ili isibaki nafasi. Ukiona nyumba ina bidoni za ukubwa tofauti, ni dalili nzuri kuliko sifa yoyote.

La pili: harufu ya plastiki. Bidoni iliyowahi kubeba petroli au mafuta ya kula haisafishiki. Kileo kinavuta harufu iliyoingia kwenye plastiki na kuirudisha kwako. Nusa kikombe kabla ya kuonja.

#10 MgeniWaLikasi

Nasikia nyingine ni sukari na hamira tu zilizotiwa rangi. Nitazijuaje?

#11 Mosala_Chini

Rahisi. Mimina kwenye glasi, subiri dakika tano. Ya kweli inaacha mashapo ya mtama chini.

#12 KemiaMtaani

Hapana, mashapo si ushahidi. Mtama wa kukaanga unauzwa sokoni, yeyote anaweza kuutia kwenye maji ya sukari. Tazama mambo mengine. Moja, ukungu wake: maji ya ndizi hayawi angavu hata yakikaa, yana wingu la kahawia hafifu mpaka mwisho, lakini ya sukari mashapo yakishuka juu panabaki kama chai. Mbili, ukakasi: sukari haina utomvu, haibani ulimi. Tatu, mwili: sukari yote inaliwa na chachu, hakibaki kitu, kwa hiyo mdomoni ni nyembamba na kali kama maji yenye hasira. Nne ni harufu ya ndizi mbivu na moshi wa shimo, na hii hakuna anayeweza kuiigiza.

Ya sukari si sumu kwa kuwa ni ya sukari. Tatizo ni kwamba unalipa mikungu minne na kunywa kilo chache za sukari, tena nguvu yake huijui.

#13 Mosala_Chini

Kuhusu mashapo nimekubali. Lakini "maji yenye hasira" hiyo nitaiiba.

#14 MtuWaNyamugo

Tuje kwenye adabu, maana hapo wageni wanakosea zaidi kuliko kwenye kuonja.

Unaingia, unasalimia wote kwa pamoja, halafu mzee aliye karibu na mlango kwa mkono. Wazee ni "muzee" au "papa", mwenye nyumba ni "mama" hata kama umemzidi umri. Ukijua neno la Kishi (lugha ya wenyeji wa huku) la shukrani, "koko", litumie, linafungua mabenchi. Usikae kwenye kiti cha peke yake kilicho tupu, kina mwenyewe na yuko njiani.

Mama au anayemimina anapiga funda la kwanza mbele yako. Usione ni uchafu. Hofu ya sumu, ile watu wanayoiita karuho, ni ya kweli vichwani mwa watu wa huku, na funda lile linasema: nimekunywa kabla yako. Kwa sababu hiyo hiyo, usimpe mtu kikombe ulichokwisha kukitoa nje na kukirudisha, na usishangae jirani akikataa kupokea kutoka mkononi mwako. Muagizie, mama ammiminie mwenyewe. Ukienda kujisaidia, maliza kwanza au mwachie mwenzako kikombe. Ukirudi ukakuta kimekaa peke yake, mwaga bila maneno na uagize kingine. Hakuna atakayekuuliza.

Picha: usipige bila ruhusa. Kuna watu pale ambao nyumbani kwao wamesema wako kwenye maombi.

#15 NyumbaYaJuu

Ha! Na pasta mwenyewe iko kwa benchi ya nyuma.

#16 Fatuma_Labotte

Swali la pesa: kipimo ni nini, na mtu analipa lini?

#17 MtuWaNyamugo

Vipimo ni vitatu. Gobele, yaani kikombe cha plastiki, ambacho kwa kawaida ni kati ya robo na nusu lita, kwa hiyo kitazame kabla ya kukubali bei. Chupa tupu ya bia, ile kubwa ya sentilita 72 (cl 72), hiki ndicho kipimo cha haki kwa sababu chupa haipungui. Na bidoni ya lita 5 kwa wanaokaa kama kundi, ambayo inapunguza bei ya kila kikombe.

Lipa kila unapoletewa. Daftari la madeni ni la wenyeji, na bili ya mwisho inazaa mabishano kwa sababu kila mtu anahesabu kutoka alipoacha kuhesabu. Beba faranga ndogo ndogo. Ukitoa dola, noti yenye mpasuko hata wa ukucha itakataliwa, na chenji itakuja kwa kiwango cha mama. Ukinunua chupa tatu ni halali kabisa kuomba matabishi, atakuongezea nusu kikombe. Ukinunua kikombe kimoja na kuomba matabishi, unajitangaza.

Bei siandiki. Inafuata ndizi, barabara na mvua, leo nikiandika kesho nitakuwa mwongo. Sikiliza jirani amelipa ngapi.

#18 Nesi_wa_Zamu

Naomba mnisikilize kwa mambo mawili.

Kwanza mrija. Zamani kibuyu kimoja na mirija kadhaa, au mrija mmoja unaozunguka, ilikuwa ndiyo heshima yenyewe. Siku hizi beba wako. Ile aina mpya ya mpox (ndui ya nyani), clade Ib, ilianzia kujulikana Kamituga, Kivu Kusini hii hii, mwaka 2023, na Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura ya kimataifa. Inapita kwa mgusano wa karibu, mate yakiwemo, na mwenye kidonda mdomoni hakijui kila mara. Mrija wa mwanzi una kichujio kidogo cha kusuka mwishoni ili usivute mtama, na kichujio hicho hakioshwi kikatakata. Ukiupenda sana mwanzi, nunua wako, uchemshe dakika 10, ukaushe juani. Kikombe cha plastiki chako mwenyewe nacho hakuna anayekikataa.

Pili maji. Kipindupindu Kivu si mgeni, kipo karibu kila mwaka. Kasiksi ya siku ya tatu ni chachu na ina kileo, vijidudu vya kipindupindu havipendi mahali hapo. Hatari zaidi ni mutobe uliochanganywa maji mabichi leo leo: mtamu, hauna ukali, unaonekana salama, watoto wanapewa. Muulize mama maji ya kuoshea machicha yametoka wapi. Na gobele linaoshwa wapi pia, maana kasiksi safi ndani ya kikombe kilichochovywa kwenye beseni la tangu asubuhi haikusaidii.

#19 ShambaLaKabare

Kuhusu maji, wapishi wengi wa Kabare wanachemsha ya kuoshea machicha, kwa sababu ya ladha zaidi kuliko afya. Ya bomba yenye klorini nyingi inachelewesha chachu. Matokeo ni yale yale.

#20 MgeniWaLikasi

Na nguvu yake ikoje ukilinganisha na bia?

#21 KemiaMtaani

Bia ya kawaida ni asilimia 5. Kasiksi inatembea kati ya 5 na 11 kutegemea maji yaliyotiwa na siku zake. Chukua 8 kama ya kati: nusu lita ina mililita 40 za kileo, wakati chupa kubwa ya cl 72 ya bia ina 36. Yaani gobele moja kubwa limeshapita chupa nzima ya Primus. Utamu ndio unaodanganya, tena mrija unaleta kidogo kidogo, huhisi ujazo. Kwa mgeni, magobele mawili kwa saa mbili, na maji ya kunywa kati yake.

Jambo ambalo wengi hawalijui: siku ya 1 bado inachacha, imejaa gesi, na gesi hiyo inaachiwa tumboni kwako. Gesi yote ile ina pa kutokea.

#22 Abiria_wa_Muhanzi

Chakula je? Nisinywe na tumbo tupu.

#23 NyumbaYaJuu

Sambaza ya kukaanga, muzuri kuliko yote. Kavu, chumvi, pilipili, ndimu kama iko. Iulize kama ni ya leo, macho yake iwe na kungaa mbele ya kukaanga. Michomo ya mbuzi nayo, lakini iko inachelewa, agiza ukifika tu. Hapana kula maharagi na kasiksi ya siku ya kwanza. Nimesema.

#24 MtuWaNyamugo

Kwa wasiojua: sambaza ni wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu. Asili yao ni Tanganyika, walipandikizwa Kivu mwaka 1959, na sasa ndio mboga ya mji. Muuzaji huwa hana uhusiano na mama wa kasiksi, anapita na beseni kichwani, kwa hiyo lipa kando.

#25 Mosala_Chini

Mbona hakuna anayezungumzia kanyanga? Ukikaa kidogo lazima chupa ndogo itatokea chini ya benchi.

#26 Nesi_wa_Zamu

Kwa sababu ni mada nyingine na ni marufuku. Usiinywe usikokujua. Mtu akilewa kisha baada ya saa kadhaa, mara nyingi siku inayofuata, anaona ukungu au weupe kama theluji machoni, tumbo linauma na anahema kwa nguvu, hiyo si uchovu wa pombe. Hospitali mara moja, usiku huo huo, na mkiweza chukueni chupa iliyobaki. Asilazwe "alale imtoke".

#27 Mosala_Chini

Lakini wapishi wazuri wanamwaga kikombe cha kwanza kinachotoka, methanoli yote inaondoka pale.

#28 KemiaMtaani

Hii imani inaua, tuiweke sawa. Kweli methanoli inachemka kwenye nyuzi 64.7 na kileo cha kunywa kwenye 78.3, ndiyo maana watu wanadhani ya kwanza inatoka yote, ya pili inafuata. Ndani ya pipa lenye maji hazipangi foleni hivyo. Methanoli inaendelea kutoka kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Kikombe cha kwanza kina vitu vingine vikali vyenye harufu ya rangi ya kucha, ni vizuri kukimwaga, ila hakikuhakikishii kitu.

Ndizi zenyewe zinatoa methanoli kidogo kutokana na nyama yake, na kwa kawaida haifikii kiwango cha kupofusha. Vifo vya watu wengi kwa mpigo mara nyingi vinatoka kwa muuzaji aliyeongezea spiriti ya viwandani ili chupa iwe kali. Kuionja huijui, kuiwasha moto huijui, maana zote mbili zinawaka buluu. Na kuna mabomba: anayepozea mvuke kwa radieta ya gari anakunywesha watu risasi iliyounganishia radieta hiyo. Kasiksi yenyewe haina mambo haya. Baki kwenye kasiksi.

#29 MtuWaNyamugo

Naomba tuiache kanyanga hapo. Turudi.

#30 Fatuma_Labotte

Je, mwanamke akienda peke yake?

#31 ShambaLaKabare

Mwenye nyumba ni mwanamke, aliyepika ni mwanamke, na mara nyingi benchi la ndani karibu na jiko ni la wanawake. Kaa hapo, usikae la mlangoni. Ukiwa na mwenzako ni bora zaidi, na ondoka kabla ya giza. Mwanamume akisisitiza kukulipia, mwambie mama kwa sauti kwamba unalipa mwenyewe. Mama atamaliza hilo jambo, hapendi kelele kwenye sebule yake.

#32 MtuWaNyamugo

Kutoka. Jua linazama karibu saa kumi na mbili mwaka mzima. Kadutu ni mlima: ngazi za udongo, mifereji isiyofunikwa, na kuanzia Septemba mpaka Mei mvua inageuza kichochoro kuwa sabuni. Majeraha mengi ya kasiksi yanatoka kwenye mteremko. Vaa viatu vya kushika, si sapato za ngozi. Beba tochi, simu peke yake haitoshi kwa sababu utahitaji mkono wa kushika ukuta. Ukipanda uliona mfereji gani uko upande upi? Kumbuka, wakati wa kushuka uko upande mwingine.

Pikipiki: tembea mpaka barabara kubwa ndipo uipande. Patana bei kabla ya kukaa, na mnuse dereva kama ulivyonusa kikombe.

#33 NyumbaYaJuu

Na mvua ikianza, kaa. Mama hatakufukuza. Njo vile watu wanakunywaka zaidi.

#34 ShambaLaKabare

Naongeza kidogo kuhusu kwa nini kuna miezi ambapo kasiksi nzuri haipatikani hata ukiwa mjanja. Ugonjwa wa kunyauka wa migomba ulioingia Kivu mwanzoni mwa miaka ya 2000 bado upo. Mkungu wa mgonjwa unaiva kabla ya wakati na bila mpangilio, ukikata ndizi ndani ina madoa ya kahawia yaliyokauka. Hazina maji na ladha yake ni chungu. Mwenye haraka anazichanganya na nzima. Haimdhuru mtu, lakini bidoni nzima inakuwa na uchungu mkavu usioondoka hata mtama uongezwe. Ukikutana na uchungu huo nyumba mbili tofauti wiki moja, usiwalaumu akina mama, wamenunua kutoka kilima kimoja.

Wenye migomba: vunja ua la kiume kwa kijiti chenye pacha mara mkungu unapomaliza kutoa chane, usilikate kwa panga, na panga lichomwe moto kabla ya kwenda mgomba mwingine. Wadudu wanaolitembelea ua hilo ndio wanaoubeba.

#35 Abiria_wa_Muhanzi

Nataka kupeleka lita 5 Goma kwa boti. Mama amesema nisifunge kizibo. Si itamwagika yote?

#36 KemiaMtaani

Mama yuko sahihi nusu. Kasiksi ya siku ya 2 bado inatoa gesi, ukikaza kizibo bidoni inavimba, na ukiifungua kwenye boti inamwogesha jirani. Fanya hivi: chagua ya siku ya 3 ambayo povu limetulia. Ichuje kwa kitambaa safi ili mtama ubaki, maana mashapo yakitikiswa yanaamsha chachu. Jaza uache nafasi ya vidole vinne. Weka jani la mgomba lililopitishwa kwenye moto juu ya mdomo, kisha kizibo ukizungushe nusu tu, kishike bila kubana. Isimamishe, usiilaze, na usiiweke karibu na injini. Chupa ya kioo usithubutu, inapasuka.

Goma na Bukavu ziko ufukweni mwa ziwa moja, hakuna tofauti ya kimo, kwa hiyo ni mtikisiko na joto tu vya kuogopa. Anayekwenda Uvira kwa gari ndiye mwenye kazi: anashuka zaidi ya mita 600 na joto linapanda. Huyo aache.

#37 Abiria_wa_Muhanzi

Boti ya usiku au ya mchana?

#38 NyumbaYaJuu

Usiku. Kuna baridi. Na ukifika, kunywa siku ile ile, hapana kuweka mpaka Jumapili.